Kibuyu Chenye Mshono

Kaka yangu akianza kusimulia habari ya kibuyu, mimi huinuka. Niwe kwangu au kwa watu, chai iwe imeshamiminwa au bado, huinuka nikaenda kuangalia kuku, au nikafagia mahali palipofagiwa asubuhi. Wajukuu hucheka. "Cucu, si ukae chini basi! Huyu ni ndugu yako." Wao humtazama kwenye runinga kila Jumapili kabla ya chakula cha mchana. Suti nyeupe, kipaza sauti cha rangi ya dhahabu, na ule mkono wa kushoto anaoupunga taratibu, kama mtu anayefukuza nzi bila haraka. Mkono huo naujua tangu alipokuwa akichunga mbuzi wa baba.

Habari yenyewe inajulikana nchi nzima. Husema kwamba alikuwa mwinjilisti kijana wakati wa hali ya hatari, enzi za mkoloni, amesimama mbele ya umati, Roho akamfungua macho akaona kibuyu kilichopasuka na kushonwa. Akakitaja. Mwanamke mwenye kibuyu akaanguka chini akitubu, na kijiji kizima kikaokoka. Hapo ukumbi wote husimama na kupiga makofi. "Tangu siku hiyo," humalizia, "macho yangu hayajafungwa tena." Kisha huanza kuwaonyesha watu kidole: wewe una uvimbe tumboni, wewe mumeo amekukimbia, wewe unaficha kitu chini ya godoro.

Magazeti yamemsema sana. Kuna mgonjwa wa kifua aliyetupa dawa zake jukwaani akazikwa baada ya wiki chache. Kuna wachungaji wenzake waliomwita mwongo hadharani. Kuna watu pia, nami nawajua, waliokuwa walevi wa kutupwa na leo wanalisha watoto wao, kwa sababu alipowaonyesha kidole walishtuka. Kwa hiyo simwiti shetani. Ningemwita shetani ningekuwa nimejipatia kazi rahisi. Ninachosema ni kwamba kile kibuyu hakuonyeshwa na Roho. Alionyeshwa na mimi, na mwanamke mwenyewe hakuanguka akitubu.

Tulikuwa tumehamishiwa kijijini. Ukimwambia mtu kijiji leo, anafikiria migomba na ng'ombe. Chetu, karibu na Manyatta, kilikuwa nyumba zilizobanana kwa mistari, zimezungushiwa handaki, na ndani ya handaki kulikuwa na vijiti vilivyochongwa ncha. Handaki tulilichimba sisi wanawake, na vijiti tukavipanda sisi. Serikali ilisema tunalindwa. Mume wangu alikuwa ameshikwa akiwa kazini Nairobi na kupelekwa kizuizini, nami nilibaki na mtoto mmoja mgongoni na hasira nyingi mdomoni. Asubuhi tulilimishwa barabara. Mchana homugadi, yaani watu wetu wenyewe waliopewa bunduki wakae chini ya chifu, walitufungulia lango tukachote maji na kuokota kuni. Tulipewa saa moja. Hiyo saa moja ndiyo tuliyoiishi, mengine yote yalikuwa kungoja.

Jirani yangu, nyumba yake ikigusana na yangu, alikuwa mjane mwenye watoto wawili. Msichana wa miaka sita, na mvulana mkubwa aliyekuwa msituni na wapiganaji. Hakuna aliyetamka kwamba yuko msituni. Tulisema amesafiri.

Siku moja aliniletea kibuyu chake cha uji, kimepasuka ubavuni. Katika mstari wetu mimi ndiye niliyekuwa fundi wa vibuyu. Mama alinifundisha: unatoboa matundu kwa msumari wa moto pande zote mbili za ufa, unapitisha uzi wa katani, unavuta taratibu, halafu unaziba kwa nta ya nyuki. Wengi hushona uzi ukaenda moja kwa moja. Mimi hukatisha, mshono ukatoka misalaba midogo midogo iliyofuatana, maana hapo ufa haufunguki tena. Nilimtazama jirani nikamwambia kibuyu ni kizee, akitupe, nitampa changu. Alitikisa kichwa. Kisha akasema akiangalia mlango, "Hii ndiyo anajua. Nikiweka ingine hatagusa. Ataogopa imetiwa sumu."

Ndivyo nilivyojua. Kila baada ya siku mbili, saa ya kuni ikifika, alikibeba kibuyu ndani ya mzigo wake, akakiacha kwenye nduma, yaani magimbi, za kona ya mto, nyuma ya jiwe jeupe tulipozoea kufulia. Sisi tukisharudishwa ndani, kijana alishuka kutoka juu, akanywa, akakiacha pale pale mama yake akichukue kesho yake. Sikumwuliza zaidi. Nilikishona, tena nilikishona vizuri, na nilipomrudishia alipitisha kidole juu ya ile misalaba, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuhamishwe.

Lakini sikutulia tena. Mstari wa tatu ulikuwa umechomwa wote kwa kosa la nyumba moja. Nikisikia viatu vya homugadi nje, nilimziba mtoto mdomo. Nikimwona jirani anajifunga mzigo, nilitaka kumshika nguo nimvute arudi. Nilimwogopea yeye, niliuogopea uhai wa mtoto wangu, na kusema kweli, niliogopa zaidi kwa ajili ya mtoto wangu. Nilipika chakula nikasahau chumvi. Niliwagombeza watu bila sababu. Jambo lile lilikuwa kubwa kuliko kifua changu.

Tulikuwa na ushirika wa waliookoka, kila Jumatano alasiri, katika kanisa la udongo ndani ya kijiji. Kwetu ombi la sala halikuzungushwa. Kusema tu "niombeeni nina jambo" kulihesabiwa kuwa kiburi. Ulitakiwa umtaje mtu, na ulitaje jambo lake lilivyo, ndipo wenzako walibebe pamoja nawe mbele za Mungu. Na lililotajwa pale lilikuwa limeambiwa Mungu, hakuna aliyetoka nalo mlangoni. Wajukuu wangu wenye digrii wataniuliza nilikuwa mjinga kiasi gani. Nilikuwa mjinga wa namna yetu, namna ya watu walioamini kwamba duniani kuna mahali pamoja ambapo neno likiingia halitoki.

Hata hivyo nilingoja wengine waondoke, nikabaki na kaka yangu peke yake. Yeye ndiye aliyekuwa mwinjilisti wetu. Alikuwa kijana, mwembamba, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko yeye. Wiki zile serikali ilikuwa imeanza kuleta gari la spika vijijini, na bwana mmoja wa gari hilo alikuwa amemsikia akihubiri na kumpenda. Alikuwa ameahidiwa kwamba Jumamosi, matangazo yakiisha, atapewa nafasi. Kwa siku nzima hakuzungumza jambo jingine.

Nilimweleza ombi langu. Nilimtaja jirani, nikamtaja kijana, nikakitaja kibuyu na mshono wangu. Akafumba macho, akanishika mikono.

"Na anaweka wapi?"

"Ya nini hiyo?"

"Ndio nijue kuomba sawasawa, dada. Mungu hapendi maneno ya juu juu."

Nikamwambia. Nduma, jiwe jeupe, kona ya mto. Aliomba vizuri sana siku hiyo, mpaka akalia. Nilitoka pale nikiwa mwepesi, nikapika chakula kikawa na chumvi.

Jumamosi gari likaja. Tulikalishwa chini uwanjani, wanawake upande mmoja na wazee upande mwingine. Nakumbuka homugadi walikuwa wachache kuliko kawaida, tukadhani wamepelekwa kulinda soko. Yule bwana alisema yake, yakatafsiriwa, tukayasikia kwa sikio moja. Kisha akasimama kaka yangu. Sauti yake ilitoka katika zile spika mbili juu ya gari, ikatujia kutoka pande zote, na hata mimi niliyezaliwa naye nilishtuka. Alihubiri vizuri. Halafu akafumba macho, akainua mkono wa kushoto.

"Kuna mama hapa. Mungu ananionyesha kibuyu. Kimepasuka, kimeshonwa. Naona mshono, naona misalaba midogo midogo. Mama, uji wako unalisha mauti! Simama utubu sasa hivi, kabla mlango haujafungwa!"

Watu waliguna. Mimi niliinamisha kichwa, nikaviona vidole vyangu mapajani, vile vile vilivyoshika uzi. Jirani alikuwa mbele yangu kidogo, msichana wake mapajani. Mgongo wake haukutikisika. Kaka yangu aliita mara tatu. Hakuna aliyesimama. Ndipo chifu akainuka, bila hasira na bila haraka, kama mtu ambaye zamu yake imefika, akawatuma homugadi waliokuwepo wapite nyumba kwa nyumba.

Walirudi na vibuyu vitatu vilivyoshonwa. Viwili vilikuwa na mshono wa kawaida. Chifu akakiinua cha tatu juu. "Ya nani hii?"

Jirani alisimama. Hakusimama kutubu, alisimama ili mstari wetu usichomwe. "Ni yangu."

"Nani alishona?"

Kila mwanamke pale alikuwa anaujua mshono wangu. Hakuna hata mmoja aliyenigeukia, lakini nilihisi wote wananitazama. Nilikuwa nimefungua mdomo. Sijui ningesema nini, nimejiuliza mara nyingi na sijui.

"Mimi mwenyewe," jirani akasema. "Na hii mikono yangu."

Kisha akageuka, akamwinua msichana wake juu ya vichwa vya waliokuwa kati yetu, akanipa mimi. Wakaondoka naye.

Jumatatu asubuhi walimleta mvulana wake amelazwa juu ya machela ya miti, wakamweka karibu na soko la Manyatta, wakatupanga mstari tupite tumwone. Alikuwa ameviziwa mtoni na kupigwa risasi. Nilimfunika yule msichana uso kwa leso nikapita. Nilijiambia kwamba wamempiga mama yake mpaka akasema mahali alipokuwa akikiacha kibuyu. Nani asingesema? Na nitasema jambo la aibu: wazo hilo lilinipa nafuu. Kama yeye ndiye aliyesema, basi mimi nilikuwa nimesema kidogo tu.

Nilimwendea kaka yangu kwa hasira. Alilia mbele yangu, machozi ya kweli. "Mimi sikumtaja jina, dada. Nilimwita atubu. Angetubu wangemwacha." Nilimwamini, kwa sababu nilihitaji kumwamini. Wiki iliyofuata watu walipanga foleni mbele yake kuungama, hata mambo ambayo hawakuyafanya, ili tu wasije wakatajwa kwenye spika. Gari likamchukua. Likamshusha Ishiara kwenye joto, likampandisha Meru, mpaka Laare katikati ya mashamba ya miraa, na kila alipofika alifumba macho akaona. Akarudi na viatu vipya na namna mpya ya kusalimia watu. Sikuuliza huko nani alikuwa anampelekea maombi.

Jirani alikaa jela ya wanawake miaka kadhaa. Alipotoka, handaki lilikuwa limeshafukiwa, mume wangu alikuwa amerudi, na msichana wake alikuwa akiniita mama. Nilimrudisha kwake. Yule mwanamke, akichechemea mguu mmoja, alipiga magoti kwenye ua wangu mbele ya watu akanishukuru. Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina. Aliniita "mama wa mtoto wangu." Na kila Desemba, mwaka hadi mwaka, alivuka bonde akaniletea nduma, zile nzuri za mtoni, amezifunga kwa majani ya mgomba. Nilizichemsha, watu wa nyumbani wakala. Mimi nilisingizia tumbo.

Mara ngapi nilianza safari ya kwenda kumwambia? Nilifika darajani nikarudi. Nilifika langoni kwake nikauliza habari za mbuzi. Kaka yangu naye aliendelea kupanda: mikutano ya mahema, halafu redio, halafu runinga, na kila alipopanda alikibeba kile kibuyu. Kadiri miaka ilivyokwenda, mwanamke wa hadithi alizidi kutubu. Mwanzoni alilia tu. Baadaye alianguka. Siku hizi hata anaimba.

Kisha akanipigia simu. Huduma yake ilikuwa inafanya sherehe, na alitaka dada yake mzee aje mbele ya kamera aseme alikuwepo. Nilikubali upesi, hata yeye akashangaa. Nilikuwa nimepata njia. Nikisema kweli mbele ya nchi nzima, jirani atakuwa ameambiwa, nami sitakuwa nimemtazama usoni. Ndiyo, ulikuwa woga. Nilijua ni woga nikapiga pasi nguo zangu.

Walinipaka poda usoni, wakanikalisha chini ya taa. "Cucu, ongea tu ukiangalia hapa," kijana wa kamera akaniambia. Kaka yangu akaniwekea mkono begani. "Dada, waambie watu. Hiyo kibuyu ilikuwepo ama haikuwepo?"

"Kilikuwepo," nikasema. "Nilikishona mimi."

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Nilingoja vitulie, nikaendelea. Nikasema ni mimi niliyemwambia, siku ya Jumatano, kama ombi la sala. Nikasema hakuna mwanamke aliyetubu. Nikasema kuhusu mvulana kwenye machela. Machozi yalikuwa yananitoka, poda ikawa tope. Kaka yangu aliendelea kutabasamu, ila mkono wake begani ulizidi kuwa mzito, na nyuma yetu kwaya ikaanza kuimba.

Jumapili ile sikwenda kuangalia kuku. Nilikaa katikati ya wajukuu, nikatazama. Nikajiona nasema, "Kilikuwepo. Nilikishona mimi." Halafu nikajiona nalia na midomo yangu ikitembea, lakini kilichosikika ni kwaya, na juu ya kwaya sauti ya kaka yangu: "Machozi ya furaha! Dada yangu alikuwepo, Kenya!" Wajukuu walinirukia shingoni kwa furaha.

Nilivaa viatu nikatoka. Bondeni niliteremka haraka kuliko umri wangu unavyoruhusu. Nilijua kwamba yeye pia ameona. Anaishi kwa binti yake, yule niliyemlea, ambaye ni mwalimu na ana runinga kubwa kuliko yetu.

Nilimkuta nje, kwenye kigoda, akimenya nduma zilizochemshwa. "Mama wa mtoto wangu," akasema. "Nimekuona kwa runinga. Umezeeka."

Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, yote, kwa mara moja, ushirika na ombi na kaka yangu na ile misalaba midogo. Alikuwa anamenya. Kisu kikaenda polepole, kisha kikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa.

"Ulimwambia pia mahali?" akauliza.

"Mahali gani?"

"Pale nilikuwa naweka. Kwa spika hakusema mahali. Alisema kibuyu tu."

Nilishika nguzo ya nyumba. Ilikuwa kweli. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimeyarudia maneno yake kichwani, neno kwa neno, na katika maneno hayo hapakuwa na mto wala nduma. Nikawakumbuka wale homugadi waliokosekana uwanjani. Walikuwa wameshatumwa mtoni kabla gari halijafika.

"Nilimwambia," nikasema. "Aliniuliza, nikamwambia. Kona ya mto, jiwe jeupe."

Aliweka kisu chini. Akanieleza, bila kunitazama, kwamba ile Jumamosi walimpiga mpaka akapotewa na fahamu. Alipozinduka, askari alikuwa amesimama mlangoni, akamwambia kijana ameshaletwa, kuna mtu amesema alipo. Akauliza nani. Askari akacheka akamwambia, jiulize. Na yeye hakuwa anakumbuka chochote kati ya kipigo na kuzinduka. Kwa hiyo alijiuliza, na jibu alilopata lilikuwa moja tu. Alilibeba gerezani, akalibeba akivuka bonde na nduma kichwani kuja kunishukuru, maana aliona mimi nilikuwa mama mzuri kwa mtoto wake kuliko yeye.

"Kumbe si mimi," akasema. Kisha tena, akiiambia mikono yake, "Kumbe si mimi niliyesema."

Akainua kichwa akaita kuelekea ndani ya nyumba, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake hata siku moja, "Mwanangu! Wacha hiyo kazi. Kuja hapa usikie."

Binti alitoka akifuta mikono kwa aproni. Aliniona, akatabasamu. "Mama, umefika? Tumekuona! Kwani kuna nini?"

Nilimtazama mama yake anisaidie. Akanisogezea kigoda kingine kwa mguu wake mzima.

"Mwambie," akasema. "Anzia Jumatano."